Herufi E haina mwenyewe

Ukifungua steshenari Mtwara mjini, bango la mlangoni linasema kuchapa, fotokopi na kutengeneza kompyuta. Kazi inayokuja kweli ni flashi. Mwanachuo wa ualimu analeta flashi yenye ripoti yake ya mazoezi ya kufundisha, kijana wa bodaboda anataka nyimbo za kwenye sabufa, mpiga picha za harusi ana memori kadi iliyogoma. Mwezi wa kumi ukiingia, korosho zikianza kupelekwa maghalani na minada ikafunguliwa, wanaongezeka makarani wa vyama vya msingi kutoka Tandahimba, Newala na Nanyamba. Flashi ya karani ni ndogo kuliko kidole, lakini humo mna majina ya wakulima, kilo walizopima na akaunti za benki watakazolipiwa. Ikipotea, kijiji kizima kitamsalimia kwa sauti nyingine.

Kazi hii imenifundisha jambo moja ambalo nalirudia kwa kila karani anayekaa kwenye benchi langu: diski ya kuchomeka na kuchomoa usiitambue kwa jina ililopewa na kompyuta. Kompyuta hugawa majina kwa zamu ya kufika, na zamu hubadilika. Itambue kwa kilichoandikwa ndani yake.

Kijana ninayemfundisha kazi aliwahi kuniuliza, "Kaka, mbona kuna C na D tu, A na B zilikwenda wapi?" Swali zuri, maana jibu lake ndilo linaloeleza fujo yote. Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ilitumia disketi: tundu la kwanza liliitwa A, la pili B. Utaratibu huo wa herufi DOS, mfumo ulioendesha kompyuta hiyo, iliukuta kwenye CP/M, mfumo wa kabla yake, ikauchukua. Diski ya ndani ilipoletwa na IBM XT mwaka 1983, yenye megabaiti 10 tu, ikakuta A na B zina wenyewe, ikapewa C. Hata mashine yenye tundu moja la disketi ilikuwa na B. Ni tundu lilelile la A likijibu kwa jina la pili, na DOS ikikuomba utoe disketi hii uingize ile. Disketi zimekufa, nafasi zao zimebaki wazi, na C bado imekaa palepale kama ndiyo ya kwanza. Flashi yako inayosomeka E ni E kwa sababu moja tu: ilipofika, D ilikuwa imeshachukuliwa.

Windows ina kumbukumbu, sikatai. Ndani ya rejista yake, daftari la mipangilio yake yote, mahali panapoitwa MountedDevices, inaandika kwamba diski fulani iliwahi kupewa herufi fulani, na ukiirudisha kesho inajaribu kuirudishia ileile. Ndiyo maana watu hudanganyika. Mtu anachomeka flashi yake asubuhi baada ya asubuhi, anaiona E, anaamini E ni yake. Siku kitu kingine kikitangulia kuikalia E, flashi inasogezwa F bila taarifa. Na kumbukumbu hiyo ni ya kompyuta hiyo peke yake; ukihamia ya ofisi ya jirani unaanza moja.

Chama kimoja cha msingi, sitakitaja, kilikuwa na faili la betchi, faili la maandishi lenye amri za kutekelezwa kwa mfululizo, lililoachwa na fundi aliyepita huko zamani. Karani akimaliza kazi jioni analibofya mara mbili, dirisha jeusi linafunguka, mistari inakimbia, linajifunga. Kazi yote ilikuwa kwenye mstari mmoja:

xcopy C:\MIZANI E:\MIZANI /D /E /I /Y

Maana yake: chukua folda ya MIZANI pamoja na folda zake za ndani, peleka E yale tu yaliyobadilika. Hiyo /I inasema kama folda haipo huko, itengeneze mwenyewe. Na /Y inasema usiulize chochote. Aliyeuandika alitaka kumrahisishia karani, na kwa kweli alimrahisishia, ila kwa hizo alama mbili za mwisho alikuwa ameikata kompyuta ulimi.

Msimu ulipochanganya, mlinzi wa ghala akaanza kuacha kadi rida yake kwenye laptopu ya chama tangu asubuhi, yenye memori kadi ya nyimbo zake. Kadi ikakaa E. Jioni flashi ya chama ikichomekwa inapata F. Betchi haikujua habari hizo. Ilikuta E ipo, MIZANI haimo, ikaitengeneza, ikaendelea kuipelekea kilo za wakulima kila jioni.

Diski ya laptopu ilipoanza kugonga na kisha kukataa kabisa kuwaka, karani alikuja kwangu hana wasiwasi. Ni dada mmoja makini sana. Akaniwekea flashi mezani, "Fundi, humu kila kitu kipo, nakopi kila siku." Tukaifungua. Faili la karibuni lilikuwa la wiki kadhaa nyuma. Akalitazama, akafunga folda, akaifungua tena, kama watu wote wanavyofanya. Nikamwuliza ni kitu gani kingine huwa kinachomekwa kwenye ile laptopu. Akanyamaza kidogo, akatoa simu akampigia mlinzi.

Mlinzi alifika siku iliyofuata na kadi yake mfukoni. Folda ya kwanza singeli, ya pili taarabu, ya tatu mawaidha, ya nne MIZANI, kamili mpaka jioni ya mwisho. Alikuwa ameiona muda mrefu. Hakuifuta kwa sababu alidhani ni vitu vya simu, na vitu vya simu ukivigusa simu inaharibika. Nilimnunulia soda.

Ilibaki kuipanga upya hiyo kazi. Nilianza na njia ya haraka: ndani ya Disk Management, sehemu ya Windows ya kupanga diski, niliipa flashi ya chama herufi ya mbali, R, ambayo vifaa vya kawaida haviifikii kwa zamu. Nilikwepa Z, maana Windows huanzia Z kurudi nyuma inapounganisha folda za mtandao. Hiyo inapunguza ugomvi, haiumalizi, kwa sababu siku laptopu ikibadilishwa R inakwenda nayo. Dawa yenyewe ilikuwa kuiacha herufi kabisa. Niliweka ndani ya flashi faili dogo la maandishi, nikaliita HIFADHI.ID, kisha betchi ikaandikwa upya ili iifuate alama hiyo popote ilipo:

for %%d in (D E F G H I J K R) do if exist %%d:\HIFADHI.ID set LENGO=%%d

Baada ya hapo inanakili kwenda %LENGO%, iwe E au H. Isipoiona alama popote, inasimama na kuandika kwa Kiswahili: Flashi ya chama haipo, usiondoke. Na dirisha halijifungi mpaka mtu abonyeze kitufe. Mimi napenda programu ndogo inayogoma kwa sauti kuliko ile inayotii kimya.

Nilipokuwa namweleza yule dada, alinikatiza. Kijijini kwao, akasema, kuna wakulima wenye majina matatu yanayofanana, la kwake, la baba na la babu. "Mimi simlipi mtu kwa sababu katangulia foleni, wala kwa jina tupu. Namlipa kwa namba ya usajili." Tangu hapo sijatafuta maelezo mengine. Herufi ya Windows ni nafasi kwenye foleni. Lebo ya flashi ni jina, na majina hufanana. Chini ya hayo kuna namba.

Kuhusu lebo nina ukali kidogo. Flashi ikitoka dukani huwa na jina la kampuni au USB DISK, na diski iliyofomatiwa ndani ya Windows bila kuguswa inaitwa New Volume. Mezani kwangu New Volume zinaweza kuwa nne kwa wakati mmoja, kila moja ya mtu wake. Kwa hiyo diski yoyote ya ofisi nayoiandaa inaondoka na lebo. Diski iliyofomatiwa kwa mtindo wa FAT32 inakuruhusu herufi 11 tu, ya NTFS inafika 32, basi napanga kwa 11 ili lebo iweze kukaa popote. TDH-MIZ-01: mahali, kazi, namba ya diski. Siweki jina la mtu, kwa sababu makarani huhama. Siweki rangi, kwa sababu flashi nyeusi zote ni nyeusi. Siweki MPYA, hakuna neno linalozeeka haraka kama hilo kwenye kompyuta. Mwaka nao hauingii kwenye lebo, diski itautumikia msimu huu na ujao. Mwaka unakaa kwenye folda za ndani, tena ukianza mwaka ndipo mwezi na siku, 2024-10-18, ili ukipanga kwa jina zijipange pia kwa tarehe.

Lebo ileile naiandika nje kwenye ganda. Stika zinang'oka, joto na jasho la huku halizivumilii, na wino wa maka pen unafutika mfukoni. Nachora kwa ncha ya sindano iliyopashwa moto. Si pazuri kutazama lakini panasomeka miaka.

Ukifomati, lebo inaondoka na namba ya volyumu, ile inayotolewa wakati wa kufomati, inabadilika. Ya FAT32 ina tarakimu na herufi nane zilizokatwa katikati kwa kistari. Unaiona kwa kuandika vol E: kwenye dirisha jeusi. Kinachobaki baada ya kufomati ni seriali ya kiwandani, iliyomo kwenye chipu ya flashi. Kinyume chake, ukinakili diski nzima kwenda diski nyingine, alama zote za ndani zinakwenda nazo. Hapo unapata diski mbili zenye utambulisho mmoja, na Windows ikiziona pamoja huiacha ya pili bila kuifungua (Offline) na kukuambia saini zimegongana. Wateja hudhani diski mpya ni mbovu. Diski ni nzima, imekuja na kadi ya mwenzake. Kwa nakala ya pili ya chama mimi nafomati flashi safi, naipa 02, nanakili mafaili peke yake.

Flashi za bei chee zina tabia yao. Zipo ambazo kiwandani hawakuzipa seriali kabisa. Windows ikikosa seriali inaitambua flashi kwa poti iliyochomekwa, ndiyo maana ukiihamisha poti inajifanya haijawahi kukutana nayo na inaanza upya kusema inaandaa kifaa. Hakuna ubaya. Ila usiandike utaratibu wowote wa ofisi unaotegemea flashi ya namna hiyo itambulike kwa seriali.

Sasa draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa. Kila wiki kuna mtu anaomba draiva ya flashi. Windows 98 ndiyo iliyokuwa inadai draiva ya kila aina ya flashi, ikija kwenye CD yake. Tangu Windows 2000 na Me, draiva moja ya ndani, usbstor.sys, inazihudumia zote, kwa kuwa zote zinafuata kanuni moja ya uhifadhi kwa USB. Flashi isiyosoma leo ina kutu kwenye miguu yake, na kwa hewa ya bahari hii kutu haiko mbali, au poti imelegea, au imekufa. Ukurasa unaokupa draiva ya flashi ya kupakua unakupa kitu kingine.

Inayohitaji draiva kweli ni kadi rida iliyojengwa ndani ya laptopu. Mtu ameweka Windows upya, kila kitu kinafanya kazi, anaingiza kadi ya kamera ubavuni, kimya. Ndani ya Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, kuna pembetatu ya njano na maneno PCI Device, basi. Folda ya draiva niliyoirithi pamoja na duka ilikuwa na setup.exe, setup(1).exe, draiva mpya, draiva ya dell ya yule mzee, na nyingine iliyoitwa "hii ndiyo yenyewe". Mwenye duka wa kwanza aliijua yote kwa kichwa. Alipoondoka aliondoka na kichwa chake.

Niliipanga upya kwa namba, si kwa majina ya laptopu. Bofya kifaa chenye pembetatu, fungua Properties, kisha Details, chagua Hardware Ids. Kifaa cha PCI, kilichounganishwa ndani ya kompyuta, kitakuonyesha VEN na DEV, cha USB kitakuonyesha VID na PID, yaani namba ya mtengenezaji na namba ya kifaa, kila moja ya tarakimu na herufi nne. VEN_10EC ni Realtek, ambao kadi rida zao zimejaa kwenye laptopu zinazoletwa hapa mitumba. Kwa upande wa USB hao hao Realtek ni 0BDA, SanDisk ni 0781, Kingston ni 0951. Basi folda yangu inaitwa 10EC_5229, ndani yake W10-64, ndani yake mafaili ya draiva yenyewe, lile la .inf, lenye maelekezo ya kuiweka draiva, likiwa pamoja na .sys na .cat, wala si setup tupu. Pembeni kuna SOMA.TXT inayosema ilifanya kazi kwenye laptopu gani. Majina ya laptopu yanadanganya. Aina moja hutoka kiwandani na kadi rida tofauti kulingana na kundi. Namba ya kifaa haina mambo hayo.

Na Windows yenyewe, ukishaweka draiva kutoka nje, huibadilisha jina: oem0.inf, oem1.inf, oem2.inf, kwa zamu ya kufika. Unaona tabia ileile. oem12.inf ya laptopu hii ni kadi rida, ya laptopu ile ni printa. Kabla ya kufuta Windows ya mteja naandika pnputil /enum-drivers, inaniorodheshea kila oem na jina lake la asili, kisha pnputil /export-driver inanitolea zote kwenye diski ya nje. Nyingi nimezipata hivyo, kutoka kwenye mashine zenyewe, bila bando.

Kompyuta ya pili ya duka inaendesha Linux, kwa ajili ya flashi zenye virusi vya shotikati, vile vinavyoficha folda zako na kukuachia vishale. Huko hakuna herufi za diski, kuna sda, sdb, sdc. Jina la sd linatokana na diski za SCSI, aina moja ya muunganisho wa diski, na flashi imo humo kwa sababu USB huibebea amri zilezile za SCSI. Memori kadi ikiingia moja kwa moja kwenye tundu la laptopu huweza kuitwa mmcblk0, lakini kadi hiyohiyo ukiipitisha kwenye kadi rida ya USB inakuwa sd kama flashi. Draiva iliyoipokea ndiyo iliyoipa ukoo. Zamu ya herufi ya mwisho haina uhakika. Umeme ukikatika na kurudi, mashine ikiwaka na flashi zikiwa zimechomekwa, sdb ya jana inaweza kuwa sdc ya leo. Na huku amri ya dd, ya kunakili diski nzima, haiulizi; ukiielekeza sdb inaandika juu ya sdb. Kijana wangu haruhusiwi kuiandika kabla hajaniita na kunionyesha orodha ya diski kwa lsblk -o NAME,SIZE,LABEL,SERIAL, akanisomea lebo na ukubwa kwa sauti. Hanipendi wakati huo.

Kwa diski ya hifadhi ya duka nilitumia majina ya kudumu ambayo Linux huyatengeneza chini ya /dev/disk: by-label, by-uuid, by-id, kila moja ikielekeza kwenye sd yoyote iliyopo siku hiyo. Ndani ya fstab, faili la diski za kufunguliwa mashine ikiwaka, nimeandika UUID, namba ya utambulisho iliyomo ndani ya diski, nikaongeza nofail ili mashine isikwame kuwaka eti diski haijachomekwa. Hayo yanatosha duka la ukubwa wangu.

Sabufa, kwa kuwa mtaniuliza. Nyingi zinasoma FAT32 tu, na nyingi hupiga nyimbo kwa mpangilio zilivyoandikwa kwenye flashi, si kwa alfabeti. Mteja akitaka mpangilio wake, unafuta zote, unanakili moja moja kwa zamu anayotaka. Kubadilisha jina la wimbo hakusaidii.

Yule dada karani alirudi msimu uliofuata na wazo jipya: kwa nini betchi isinakili pia kwenye simu yake, simu hailali ofisini. Wazo lina akili, ila simu ya Android ikiunganishwa kwa waya haipewi herufi hata moja. Inatumia MTP, njia ya kuhamisha mafaili bila kujionyesha kama diski, inajitokeza kwa jina la aina ya simu, na xcopy haiioni. Nikamwambia atoe memori kadi ya simu, aichomeke kwa kadi rida, tuiwekee HIFADHI.ID yake na lebo yake. Kwanza nikaikagua ile simu, maana tangu Android 6 ya mwaka 2015 kadi inaweza kugeuzwa sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu, na ikishageuzwa inafungwa kwa ufunguo uliomo kwenye simu hiyo peke yake. Ukiichomeka Windows haioni kitu, inakuuliza kama uifomati. Ya kwake ilikuwa imegeuzwa, na picha zote za harusi ya mdogo wake zimo humo.

"Basi hiyo tuiache," akasema, akachukua flashi nyingine kwenye kabati langu la vioo. Tukaichora TDH-MIZ-03.